Treni Imesimama Tena Kwa Nzomo

Mwaitu,

Imerudi. Nilitaka neno hilo likufikie kabla ya mengine yote, kabla hata ya kukuuliza unalalaje huko, kabla ya kukuambia nani amezaa na nani ameoa. Treni imerudi, mwaitu. Imesimama pale pale stesheni yetu ya Kwa Nzomo, watu wakashuka, watu wakapanda, na mimi mke wa mwanao nilikuwa nimesimama pale na birika la chai mkononi, nisijue nimimine au nilie.

Nimekaa nje ya jiko lako. Mutua ameenda kazini Athi River, mtoto amelala, na kuku wako yule mweusi wa shingo tupu bado yuko, bado anataga kwenye kuni badala ya kiota. Nimechukua kalamu kwa sababu kila nikienda kaburini kukusimulia kwa mdomo ninashindwa. Naanza tu, "Mwaitu," halafu najikuta nang'oa magugu. Basi acha nijaribu kwa mkono.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuogopa? Msichana wa Kathiani, wa milimani, niliyezoea parachichi na ukungu wa asubuhi, nikaletwa kuolewa huku tambarare ambako hata upepo una vumbi. Kwetu walikuwa wameniambia mama ya Mutua ana maneno makali. Wiki ya kwanza nilikuwa kisimani, nikasikia ardhi inanguruma, nikatupa mtungi nikakimbia mpaka nyumbani. Nilidhani ni mnyama. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukanishika mkono, "Kuja uone hiyo simba yako," ukanipeleka stesheni. Tangu siku hiyo sikukuogopa tena. Wengine walikuita Mama Mutua. Mimi nikakuita mwaitu, mama, na sikulazimishwa na mtu.

Stesheni yenyewe haikuwa kitu. Chumba kimoja cha mawe, bati jekundu, tangi la maji na kibao chenye jina. Reli yetu ilikuwa tawi tu, inaachana na ile kubwa ya Mombasa, inapita kwetu, inakata mbuga kavu mpaka kituo cha mwisho ambacho kila mtu alikiita Mwisho na hakuna aliyejali jina lake halisi. Treni ilikuja mara chache kwa wiki, mabehewa mawili matatu ya abiria na moja nyuma la mbuzi. Lakini siku ya treni ilikuwa siku! Wewe na mayai yako ya kuchemsha, na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ndani ya sufuria uliyoifunika blanketi isipoe. Mimi na birika. Akina mama wa Mitaboni walishuka na magunia ya maharagwe, na Mzee Abdi, yule Msomali wa mifugo, akigombana na mbuzi wake kwa lugha ambayo ni yeye na mbuzi tu walioijua.

Nilichukua muda kuelewa kwamba kwako haikuwa biashara. Kwako treni ilikuwa Katumbi. Binti yako mmoja, dada mkubwa wa Mutua, aliyeolewa kule Mwisho ambako barabara ya kwetu haifiki, ni mbuga na makorongo tu. Ulikuwa unasimama mbele ya wote, na yule gadi mnene wa treni alikuwa anaanza kupiga kelele hata magurudumu hayajatulia: "Mama Mutua! Msichana wako anasema ako mzima!" Katumbi alimpa mkebe wa asali akuletee, wewe ukampa maembe na maharagwe mabichi ampelekee. Siku moja gadi huyo alileta habari kwamba mtoto wa kwanza wa Katumbi ameota jino, na mtu mzima yule akafungua mdomo wake mwenyewe akatuonyesha kwa kidole ni jino gani. Tulicheka. Wewe uliendelea kucheka mpaka jioni, peke yako, ukiosha vyombo.

Halafu ikaja mvua ya Elnino.

Korongo letu, ambalo mbuzi walivuka bila kulowa kwato, lilifura likabeba miti, likabeba ng'ombe wa jirani yetu Mama Mbithe, likabeba na udongo wote uliokuwa chini ya reli pale kwenye kalavati, kile kidaraja cha kupitisha maji. Mvua ilipoisha tulienda wote kuangalia. Reli ilikuwa inaning'inia hewani na mataruma yake, chini yake hakuna kitu. Watu wa shirika la reli walikuja, wakapiga picha, wakachomeka kitambaa chekundu kwenye kijiti, wakaenda. Tukangoja. Nyasi zikaota katikati ya reli, baada ya nyasi ikaota miiba. Mbuzi wakageuza stesheni kuwa boma. Kitambaa kikapauka, kikachanika, siku moja hakikuwepo.

Mwaka uliofuata Katumbi akazaa msichana wa pili, na kama desturi yetu ilivyo akampa jina lako, Syombua. Habari ilikufikia ikiwa nzee, imepita mdomo wa huyu na yule. Ulifunga safari kwenda kumwona. Ukaenda Machakos, ukapanda mpaka Nairobi, ukashuka tena upande ule mwingine, ukalala njiani kwa watu usiowajua, na asubuhi ukaambiwa gari la kwenda Mwisho haliendi tena mpaka barabara ikauke. Ukarudi. Nakumbuka ulivyokaa hapa hapa nilipokaa sasa, ukivua viatu, miguu imefura.

"Niko na mjukuu mwenye jina langu," uliniambia, "na uso yake siijui."

Hukulia. Ningependa ungelia, ningejua la kufanya.

Wiki hiyo hiyo ndiyo uliyoanza. Tulikuwa kwenye mwethya, kikundi chetu cha kulimiana mashamba kwa zamu, tumepumzika tunakunywa uji. Ukasema, kama mtu anayesema habari ya mvua, "Tumelima kwa kila mtu hapa. Sasa tuende tulime reli."

Walidhani ni mzaha. Mama Mbithe akakuuliza, "Na tutavuna nini huko?"

"Watoto wetu," ukamjibu. Hakuna aliyecheka tena, maana kila mmoja alikuwa na mtu wake mahali fulani kwenye ile reli: dada, mama, binti.

Lakini kwanza ulitaka wenyewe wajue. Ukavaa gauni la kanisani, ukanipeleka mimi na Mama Mbithe Nairobi, tukakaa kwenye benchi ya mbao asubuhi nzima. Kijana aliyetupokea alikuwa mpole, siwezi kumsingizia. Alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa heshima, "Mama, hiyo laini imekufa."

"Imekufa lini?" ukamuuliza. "Na nani aliizika? Sisi majirani hatukuitwa matanga."

Mama aliyekuwa anapita na chai alicheka mpaka trei ikayumba. Kijana naye alicheka, lakini akasema imejaa miti, kalavati limekwenda, na hata ikirudi haina abiria. Wewe ukasimama, ukafunga leso vizuri. "Miti ni yetu, tutakata. Abiria ni sisi. Nyinyi leteni treni."

Tukafyeka, mwaitu. Nani angeamini? Kila wiki siku ya mwethya, wanawake na mapanga, tukianzia stesheni tukielekea mbele. Miiba ile ilitushika nguo, ikatushika nywele. Ulikuwa unatutangulia ukiimba nyimbo za kanisa, sisi tukiitikia tumeinama. Watu wa sokoni walitucheka. Walisema wake za watu wamerukwa na akili, wanapalilia chuma. Mzee Abdi alikuja siku ya tatu au ya nne na sukari na majani ya chai kwenye mfuko. Akasimama kando, aibu imemjaa. "Mama," akakuambia, "mimi ni Mwislamu, hizi nyimbo zenu sijui. Lakini hii kazi ni ya mbuzi wote." Akavua koti akachukua panga. Alikata vibaya kuliko sisi sote, na hatukumwambia.

Siku ambayo sitaisahau ni ile ya lori. Walikuja asubuhi wanaume wa vyuma vikuukuu, na mitungi ya gesi ya kukatia, wakashuka pale karibu na korongo wakaanza kupanga vitu vyao. Mkubwa wao alisema wana ruhusa. Ruhusa yenyewe hatukuiona. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, na nilichokuwa nakiwaza ni kukimbia kumwita chifu. Wewe ulipita mbele ya yule mtu kama hakuwepo, ukatandika leso juu ya reli, ukakaa. Ukatoa maharagwe kwenye kiondo chako, ukayamwaga kwenye ungo, ukaanza kuchambua. Moja moja. Ya kutupa huku, ya kupika huku.

"Mama, toka hapo, utaumia," akasema.

"Niko kwa kazi," ukamjibu bila kuinua kichwa.

Mama Mbithe akaenda akakaa kando yako. Halafu mwingine. Nami nikakaa, mtoto akilia. Nilinyonyesha nikiwa nimekaa kwenye reli. Jua likapanda. Wale wanaume wakanywa soda zao, wakatukana kidogo, wakajificha kwenye kivuli cha lori. Mmoja wao, kijana mwenye kovu shavuni, alikuja akakuuliza kwa sauti ya chini kama tuna maji ya kunywa, ukampa. Jioni wakapakia mitungi yao wakaenda. Wewe uliinuka kwa taabu, ukashika mgongo, ukasema, "Maharagwe haya leo yamechambuliwa kama ya harusi."

Sikujua wakati huo kwamba ugonjwa wa sukari ulikuwa umeshaanza kukula. Ulikuwa unajificha. Unasema ni uchovu, unasema ni jua. Kidonda cha mguuni kilipokataa kupona ndipo Mutua alipokuchukua karibu kwa nguvu mpaka hospitali ya Machakos. Nikawa nalala Mumbuni, kando ya mji, kwa binamu yake Mutua, kila asubuhi nakuletea uji. Na kila asubuhi swali lilikuwa moja, kabla ya salamu: "Wamekuja?"

Wakaja, ukiwa huko. Kijana wa Nairobi hakuwa amesahau. Alimtuma injinia, aliyefika kwa toroli ya reli, akishuka akisukuma pale palipoharibika. Chifu akaita baraza. Nilikuwa nimetoka hospitali siku hiyo kuja kuchota nguo safi, nikajikuta nimesimama nyuma ya watu. Wanaume wakaongea. Mmoja akaongea juu ya maendeleo. Mwingine akamsifu mheshimiwa ambaye hajawahi kukanyaga hapo. Injinia akaangalia saa yake. Mama Mbithe akageuka akanitafuta kwa macho, na wewe unamjua akikutafuta kwa macho.

Mwaitu, mimi sijawahi kuongea mbele ya wanaume. Hata kanisani naomba kwa kunong'ona. Nilienda mbele, mtoto mgongoni, sijui miguu ilitoka wapi. Nikasema, "Injinia, mama yangu amelala hospitali Machakos. Ako na binti mwisho wa hii reli, na mjukuu mwenye jina lake ambaye hajawahi kumshika. Sisi hatuombi maendeleo. Tunaomba njia ya kwenda kwa watoto wetu."

Injinia akauliza, "Ni nani alifyeka hii laini?"

"Ni sisi."

"Yote?"

"Mpaka pale macho yako inafika," nikasema, "na mbele."

Alitembea kwa miguu juu ya mataruma, akaenda mpaka akawa mdogo, sisi tukingoja juani. Aliporudi suruali yake ilikuwa imejaa vumbi mpaka magotini. Akasema kalavati linaweza kutengenezwa, na kwamba hivyo ndivyo atakavyowaambia wakubwa wake. Sio kwamba litatengenezwa. Linaweza. Lakini nililibeba neno hilo mpaka Machakos kama mtu anayebeba yai.

Ulinisikiliza ukiwa umefumba macho. Nilidhani umelala. Halafu ukauliza, "Ulisema mbele ya wanaume?"

"Nilisema."

"Na sauti ilitoka?"

"Ilitoka, mwaitu."

Ukacheka, kicheko kidogo kilichokuumiza kifua. "Kumbe ningeugua mapema," ukasema.

Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu ambalo nalitunza. Kulikuwa na mengine, ya homa, ya kuita watu waliokwishakufa. Hayo nimeyaacha hukohuko wodini. Asubuhi ile nilikuja na thamosi ya uji nikakuta godoro limekunjwa. Muuguzi alinishika bega kabla sijauliza. Nilisimama pale na thamosi mkononi, na uji ulikuwa bado moto, na ulikuwa na ndimu kama unavyopenda. Nikampa mama wa kitanda cha pili. Nikamshikia kikombe mpaka akamaliza.

Ya mazishi nitakuambia kidogo tu. Watu walikuwa wengi mpaka wakakanyaga shamba lako la mbaazi, ungewafokea. Mzee Abdi alileta mbuzi, akasimama nje ya uzio wakati wa ibada, kofia mkononi. Kumpata Katumbi ilikuwa shida. Hakuna simu Mwisho. Tuliweka tangazo kwenye redio, na jirani yake akalisikia, akakimbia kumwambia. Alisafiri njia ile ile iliyokushinda wewe. Tulimngoja, mwaitu. Tulingoja mpaka mchungaji akasema jua linatua na watu wametoka mbali. Katumbi alifika udongo umeshafunikwa na maua yamewekwa. Alishuka kwenye pikapu ya watu, akatuangalia mmoja mmoja, akasema, "Mmemficha mama."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana lilituvunja.

Baada ya hapo niliichukia ile reli. Niseme ukweli, sikutaka hata kuiona. Nilipita njia ya juu kwenda kisimani nisiipite. Nilikuwa nawaza, kama wangekuja mwaka mmoja tu mapema. Kama kijana yule angesema ndiyo siku ile ya kwanza. Mwethya ilikuja hapa nyumbani, wote, wakakaa kwenye nyasi. Nikawaambia mimi sirudi huko. Mama Mbithe akasema, "Hatujakuja kukutoa. Tumekuja kukaa." Wakakaa, wakapika, wakanioshea nguo za mtoto, wakaenda. Wiki iliyofuata wakaja tena. Halafu siku moja Mzee Abdi akasimama hapo langoni, hakutaka kuingia. Aliniita mke wa Mutua. "Miiba inaota," akasema. Akageuka akaenda zake.

Nikachukua panga lako. Mpini bado ulikuwa na alama ya kiganja chako.

Yaliyofuata ni marefu na mengi yake ni kungoja. Uchaguzi ulipita, serikali mpya ikaingia, watu wakawa na moyo wa kuuliza vitu. Tulirudi Nairobi kwenye benchi ile ile, mara hii mimi ndiye niliyeongea. Kijana wetu alikuwa amehamishwa, lakini maneno ya injinia yalikuwa yamefika. Siku moja lori likaja, nikashika panga nikidhani ni la vyuma, kumbe limebeba saruji. Ungeona korongo lile! Mafundi wao walikuwa wachache, sisi tukachota mchanga, tukabeba mawe kwa karai, Mutua akachukua likizo yake yote akachanganya zege akiwa amevua shati. Jioni moja nilimkuta amekaa pale kalavatini peke yake, mikono imekauka saruji, analia. Nilikaa naye. Hakuwa amelia kwenye mazishi.

Na sasa treni yenyewe.

Tulikuwa tumeambiwa itafika asubuhi, ikafika saa ya chakula cha mchana, hilo halijabadilika. Injini moja, mabehewa mawili ya abiria yaliyopakwa rangi upya juu ya kutu, na lile la mbuzi. Ilikuja polepole mno, kama mgonjwa anayejaribu miguu. Ilipokanyaga kalavati hakuna mtu aliyepumua. Ikapita. Ah, mwaitu, kelele! Akina mama walipiga vigelegele mpaka dereva akavua kofia. Gadi wetu mnene alistaafu, huyu wa sasa ni mwembamba na hajui jina la mtu, lakini tutamfundisha. Treni ililala Mwisho, na kesho yake ikarudi. Hiyo ya kurudi ndiyo niliyokuwa naingoja.

Katumbi alikuwa dirishani. Amenenepa kidogo, amekuwa na pua yako kabisa, sikuwa nimeiona siku ile ya mazishi. Alishuka kwanza yeye, halafu akageuka akamshusha msichana mwenye gauni la njano na soksi nyeupe zilizokwishachafuka safarini. Syombua. Alisimama akaangalia umati wote ule, bila kuogopa, mikono kiunoni.

"Susu ako wapi?" akauliza. Bibi yuko wapi. Kumbe njia nzima alikuwa anaimbiwa anakwenda kwa susu, na hakuna aliyejua amwambieje.

Katumbi akaniangalia. Nikachuchumaa nikamwambia, "Susu amelala. Twende nikuonyeshe nyumba yake."

Tulikuja kwa miguu, sisi watatu, na mwanangu mbele akikimbia na kurudi. Katumbi alikaa chini kando ya kaburi, akaweka mkono juu ya udongo, akakaa hivyo muda mrefu, na safari hii hapakuwa na mchungaji wala jua la kumharakisha. Mimi nilipika. Alipokuja jikoni macho yalikuwa yamevimba lakini uso umetulia. Akachukua mwiko kutoka mkononi mwangu kama vile hakuwahi kuondoka. Akaniambia, "Sasa nimezika mama." Tukala muthokoi. Mjukuu wako huyu mwenye jina lako alikula sahani mbili, akatapika, akaomba nyingine.

Usiku tulimlaza kwenye kitanda chako. Alilala ameweka mkono chini ya shavu. Mutua alisimama mlangoni akamwangalia, akaenda. Wiki iliyofuata walirudi kwao kwa treni hiyo hiyo.

Nisikudanganye kwamba mambo yote ni sawa. Treni inakuja mara moja tu kwa wiki, na wanasema ni ya kujaribu. Wakiona mabehewa matupu wataiondoa. Kwa hiyo tunapanda. Mama Mbithe anapanda mpaka stesheni ya pili na kurudi kwa miguu, na hana safari yoyote huko. Mzee Abdi alipakia mbuzi wake safari ya pili, mmoja akachomoka akaingia behewa la abiria, akala kofia ya mwinjilisti. Kumekuwa na maneno juu ya kofia hiyo mpaka leo. Mayai nachemsha mimi sasa. Siyachemshi kama wewe, yananipasukia, lakini watu wananunua, na wengine wananiuliza habari zako, nawaambia.

Wiki ijayo ni zamu yangu kwenda. Nitampeleka mwanangu Mwisho akaone kwa shangazi yake, tulale huko mpaka treni irudi. Sijawahi kufika. Katumbi anasema kuna upepo mwingi na watu wazuri.

Nataka kukuahidi jambo moja, halafu nikuache. Syombua atakuja hapa kila likizo, nitamfuata mwenyewe ikibidi, kwa treni au bila treni. Atajua kisima kiko wapi, atajua majina ya majirani na ya mbuzi, atafokewa nami akikosea kama ulivyonifokea. Akiwa mkubwa hakuna mtu atakayemwita mgeni kwenye boma hili. Hilo liko juu yangu, na sauti ya kulisema ninayo.

Mtoto ameamka, ananiita. Lala, mwaitu. Lala salama kabisa. Binti yako amefika nyumbani.

Ni mimi,
Ndunge wako.